Kurasa Zote Isipokuwa Ule wa Dhahabu

Wiki iliyopita tulimzika Papa Anselme. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi pale mwanawe mkubwa aliponifuata nyuma ya nyumba yao kule Shari, mahali ambapo sisi wanawake tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, ya matanga. Alikuwa na simu mkononi. "Mama Furaha," akaniambia, "siye tunataka kuweka foto ya papa ku mtandao, na maneno kidogo. Weye ulifanyaka hii kazi naye zamani. Tuiweke wapi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba aiweke popote, siku hizi kila mtu anabandika marehemu wake anapotaka, wala hakuna anayemuuliza. Mtoto wa watu akanywea, na wanawake wenzangu wakanitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu mfiwa hajibiwi hivyo. Nikaona aibu, nikaendelea kuchambua majani. Lakini kilichonikera hakikuwa yeye. Ni hilo swali la wapi. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sikufanya kazi nyingine ila kujibu swali hilo, na tangu siku ya mazishi uso wa mtu mmoja umerudi kukaa upande wa kulia wa kila kitu ninachokitazama. Ukuta, dirisha, sahani ya chakula. Sisemi kwamba naona mizimu. Nasema tu kwamba yupo.

Nilikozaliwa na waliko wazazi wangu hakuhusiani na haya, kwa hiyo naliacha hilo. Nianze na chumba chenyewe. Kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga pale Bigo, mjini Bunia, ukutani rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu, kama madarasa ya zamani. Papa Anselme alikuwa mwalimu mstaafu aliyechoka kusubiri watu wengine waandike habari za mji wake, akaamua kufungua tovuti. Hakuvua koti hata siku za joto. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kulala, kilichotengwa na sisi kwa pazia la maua tu, hivyo tulisikia kila neno alilosema humo, na yeye alijua kwamba tunasikia. Fundi wetu alikuwa Jérémie, kijana kutoka Kisangani, mwembamba, mcheshi, aliyejenga tovuti ile kuanzia msingi na aliyependa kunitania kwamba vidole vyangu vinapiga mashine, yaani kompyuta, kama vinatwanga. Jenereta ilinguruma nyuma ya jikoni na moshi wake uliingia kwenye chakula. Saa sita tulisukuma mashine pembeni, meza ile ile ikawa ya kula: fufu, sombe, na makayabu, wale samaki wa chumvi ambao harufu yao haikutoka kwenye mikono hata ukiosha kwa sabuni. Mpaka leo nikisikia harufu ya makayabu pamoja na ya mafuta ya jenereta, roho inaniruka.

Kazi yangu ilikuwa visanduku. Jérémie aliviita bloki. Kisanduku ni kitu chepesi kueleweka: unaandika maneno au unaweka picha mara moja tu, kisha unakiambia kikae kushoto au kulia, juu au chini, halafu unakiambia kitokee kwenye kurasa zipi. Unaweza kukiamuru kitokee kwenye kurasa zote. Unaweza kukiamuru kitokee kwenye zile tu ulizozitaja. Au unakiamuru kitokee kote isipokuwa kwenye zile ulizozitaja. Ni hayo tu. Mtu anayesoma hajui kwamba kuna aliyekaa mahali fulani akaamua yeye aone nini akiwa anasoma kitu kingine. Mimi nilijua, na nikiwa msichana mwenye kiburi changu nilipenda sana kujua. Nilikuwa napanga kilio cha familia fulani kikae chini ya matokeo ya mpira, kisha nafikiria watu wa Bunia wote wakishuka na macho yao kutoka kwenye magoli mpaka kwa marehemu, na wanaposhuka ni mimi niliyewashusha.

Tulikuwa na visanduku viwili vilivyosomwa kuliko vyote. Kimoja kilikuwa cha vilio, kwa ajili ya waliokufa, na hicho kilikaa chini. Cha pili kilikuwa cha wanaotafutwa, nacho kilikaa kulia. Mwaka ule watu wa Djugu walikuwa wametawanyika vibaya kwa vita. Vijiji vimeungua, watu wamekimbia kila mmoja na njia yake, na wengi walikuwa wamejaa mjini kwa ndugu na kwenye kambi, wakiuliza habari za watoto wao kwa kila anayepita. Wakileta picha, tuliziweka kwenye kisanduku hicho, na Jérémie alikitengeneza hivi kwamba kila ukifungua ukurasa uso mmoja unajitokeza, ukifungua tena unakuja mwingine. Alisema ni bahati tu, mashine inachagua yenyewe. Mimi sikuamini. Kulikuwa na nyuso zilizokuja mara moja kwa juma, na kulikuwa na uso mmoja uliokuwa ukinijia asubuhi kabla sijamaliza hata chai. Msichana wa rika langu, kitambaa cha manjano kichwani, mdomo umefunguka kidogo kama aliyeitwa ghafla wakati wa kupigwa picha. Nilianza kumwamkia. Jérémie alipocheka nikamwambia anyamaze, asiyesalimia watu ni yeye.

Jina lake Solange. Mama yake, Mama Jeanne, alikuwa mkulima wa Djugu aliyefikia kwa shemeji yake hapo Shari. Alikuja kwetu kila siku ya soko, akavua kandambili mlangoni kama anaingia kanisani, akaketi kwenye kiti karibu na mashine yangu. Hakuwa mlalamishi. Alikuja kumwangalia mwanawe, basi. Nilimfungulia kurasa mpaka Solange atokee, na akitokea Mama Jeanne alisema, "Ndiye huyu," kama vile nilikuwa na shaka. Mara nyingine alileta ndizi za kuchoma akazigawa, na alimlazimisha Papa Anselme ale mbele yake kwa sababu aliona koti linamzidi. Baada ya muda alikuwa anajua tovuti yetu kuliko wafanyakazi. Alijua michezo iko wapi, matangazo ya makanisa na misikiti yako wapi, habari za barabara ziko wapi, japokuwa kusoma hakujua. Alizitambua kurasa kwa picha za juu.

Ndiyo sababu ni yeye aliyeona. Siku hiyo nilikuwa nabadilisha bei kwenye ukurasa wa dhahabu, naye akainama kidogo akanyoosha kidole upande wa kulia, pale palipokuwa patupu. "Hapa fasi iko wazi," akasema. "Ju ya nini mutoto yangu hakae hapa?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuona haja ya kuficha. Ukurasa wa dhahabu ulikuwa na sheria yake. Wanunuzi wakubwa wa Mongbwalu, mji wa machimbo, ndio waliotulipia mtandao, na walimpa Papa Anselme sharti moja: pasitokee marehemu wala anayetafutwa karibu na bei. Wachimbaji wanasema wolo, ndivyo wanavyoita dhahabu, inakimbia machozi. Kule mtu akifiwa hashuki shimoni mpaka watu wake wamemaliza kulia, la sivyo mshipa wa dhahabu unapotea mbele ya macho ya wenzake. Papa Anselme, mtu wa vitabu, aliwacheka mbele yetu, lakini aliniamuru niandike sheria hiyo katika kila kisanduku cha huzuni: kurasa zote isipokuwa ule wa dhahabu. Nami niliiandika mara nyingi hata nikawa siioni tena.

"Na batu ya Mongbwalu baangalia paji gani?" Mama Jeanne akauliza. Paji kwake ni ukurasa.

Jibu lilikuwa moja tu. Kule kulikuwa na chumba cha mtandao cha Muzee Saidi, mzee Mwislamu aliyeuza pia chumvi na betri. Aligeuza mashine yake kubwa ikaelekea mlangoni, ukurasa wetu wa dhahabu umefunguliwa kutwa nzima, na wachimbaji walipita kuutazama wakiwa na matope mpaka magotini. Hakuna aliyefungua ukurasa mwingine. Kwao tovuti yetu yote ilikuwa ule ukurasa mmoja. Nikamwambia hivyo Mama Jeanne. Akafunga kitambaa chake vizuri, akapita pazia la maua bila kubisha.

Tulisikia yote. Papa Anselme alianza kwa sauti ya darasani, akaeleza mambo ya mkataba, ya gharama za mtandao, ya heshima kwa imani za watu. Mama Jeanne alimwacha amalize. "Papa Anselme," akasema, "kutoka kwetu njia iko mbili. Ya Bunia na ya Mongbwalu. Bunia nimeshatafuta, mulango kwa mulango. Solange anajua kupika mikate ya mafuta, na fasi penye iko wachimbaji, mutu wa mikate hakosi kazi. Mutoto yangu iko kule. Na weye, kila siku unanionyesha foto yake hapa, mi mwenye namujua. Wale wenye wanaweza kumujua, unabaficha." Hakupaza sauti hata kidogo. Jérémie aliacha kutafuna. Papa Anselme alikohoa, kiti kikalia, na mwishowe akaita, "Furaha! Binti yangu, kuja."

Aliniamuru nimtengenezee Solange kisanduku chake peke yake, na katika hicho niondoe lile neno isipokuwa. Nikafanya mbele ya mama yake. Nilipofungua ukurasa wa dhahabu, msichana alikuwa amekaa kulia, kitambaa chake cha manjano kimelingana na mstari wa bei, na chini yake jina, kijiji na namba ya simu ya ofisi. Mama Jeanne alipiga makofi mara moja. Mimi pia nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona kama mtu aliyefungua dirisha.

Simu ilikuja kesho yake tukiwa mezani. Nilipokea mimi. Mama Jeanne alikuwapo, kwa sababu tangu jana alikuwa hakai mbali na simu ile, na nilikuwa nimemwekea fufu yake kwenye sahani ya bati. Sauti ya Muzee Saidi ilikuwa na hasira ya mtu mwenye hofu. "Nyinyi batu ya Bunia, muko na akili gani? Ju ya nini munatuwekea mufu ku bei ya wolo? Watu wamekataa kushuka."

"Muzee, hiyo siyo kisanduku ya vilio," nikamwambia. "Ni ya wanaotafutwa."

"Anatafutwa na nani? Huyu ni Mikate. Alikufaka. Siye wenyewe tulimuzika."

 Upande wa pili akasikia kimya changu, na hasira yake ikaisha kama maji yaliyomwagika. "Kumbe hamukujua," akasema polepole. "Kumbe iko na watu wake."

Sikumwambia kitu Mama Jeanne. Sikuhitaji. Alikuwa ameshika tonge, akalirudisha kwenye sahani, akalisawazisha kwa kidole kama anayetaka lionekane halikuguswa. "Amesema nini?" akauliza. Jérémie akatoka nje akazima jenereta, sijui kwa nini, na nikasikia kuku wa jirani. Papa Anselme ndiye aliyepokea simu kutoka mkononi mwangu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza Mama Jeanne yeye mwenyewe, akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele. Solange alifika Mongbwalu na kikaango chake. Hakumwambia mtu jina lake wala alikotoka. Wakati ule kutaja kijiji chako ilikuwa kutaja kabila lako, na kuna waliouawa kwa jibu hilo. Wachimbaji wakamwita Mikate. Mvua kubwa ikashusha ukingo wa shimo juu ya vibanda vya wauza chakula, ukawafukia yeye na wengine. Walimzika, lakini hawakuwa na pa kupeleka habari.

Mama Jeanne hakulia. Tulingoja alie. Mama wa kwetu akipewa habari ya namna hiyo, mtaa mzima unajua kabla hajamaliza kuisikia. Yeye alikaa, akatazama mashine iliyozimika, akasema, "Sijaona."

Papa Anselme alimwagiza Jérémie amtoe Solange kwenye ukurasa wa dhahabu mara moja, kwa ajili ya wanunuzi na amani. Jenereta ikawashwa, Jérémie akarudisha ile sheria, na kwenye mashine zetu upande wa kulia wa bei ukawa mtupu. Tukadhani limekwisha. Lakini Muzee Saidi akapiga tena. "Bado iko hapa," akasema. "Anatuangalia." Jérémie akamweleza kwa upole kwamba picha imeshatoka, ila mashine yake inaonyesha ukurasa wa zamani mpaka mtu aufungue upya. Afinye tu kitufe kimoja. "Finya, muzee. Kimoja tu." Muzee Saidi akajibu, "Kuja ufinye weye." Hakuna mtu Mongbwalu aliyekuwa tayari kuigusa mashine ile. Siku zikapita, bei iliyoonekana ikabaki ile ya zamani, wanunuzi hawakujua wanunue kwa kiasi gani, wachimbaji wa shimo lile walikaa juu wakicheza karata, na Solange alikuwa mlangoni anawatazama, mdomo umefunguka kidogo. Walisema amekuja kwa sababu watu wake hawajamlilia. Walisema mama yake aje.

Na hapo ndipo nilipojifunza kuwachukia watu wenye adabu. Wale wanunuzi waliokataza huzuni yoyote karibu na bei yao ndio waliotuma gari zuri mpaka Bigo kumchukua mfiwa mwenyewe, na dereva alimfungulia mlango akimwita mama, mama yetu, tafadhali mama. Papa Anselme aliniambia nisimwache peke yake. Barabara ilikuwa ile ile ya siku zote, mashimo na matope, lori limelala ubavu, na mahali fulani tukapita vijiji vyeusi ambavyo miti ya maembe na ya parachichi ilikuwa imebaki inazaa, matunda yanaanguka chini bila mtu wa kuokota. Mama Jeanne alivitaja vijiji hivyo kimoja kimoja kwa sauti ya kawaida. Cha kwao hakukitaja. Aligeuza shingo mpaka kikapita.

Muzee Saidi alitupokea mlangoni pake, kofia mkononi. Chumba kilinuka betri na chumvi. Mashine ilikuwa inawaka kweli, na Solange alikuwemo, mkubwa kuliko alivyokuwa kwetu, kwa kuwa kioo chao kilikuwa kikubwa. Nilijua vizuri kilichokuwa kinatokea, ni mimi niliyemweka, ningeweza kueleza kila hatua. Hata hivyo nywele zilinisimama, na sikuweza kumwamkia. Mama Jeanne alimsogelea, akafuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kitenge, uso mzima, akaanzia kwenye kipaji. Nikanyoosha mkono nifinye kile kitufe, limalizike. Akanishika kifundo cha mkono. "Bafinye wenyewe," akasema.

Kaburini walikuwa wamekusanyika wengi, Wakristo, Waislamu, na wa makabila yote ambayo kule Djugu yalikuwa yanachinjana. Kikaango chake kilikuwa juu ya udongo, kimetobolewa chini kama vinavyotobolewa vyombo vya marehemu. Muzee Saidi alieleza kwamba hawakujua dini yake, kwa hiyo fundi mmoja wa shimoni alisoma sala ya Wakristo na yeye mwenyewe akasoma dua, wakaona Mungu atachagua.  Wakangoja. Naona bado wale wanaume na matope yao magotini, macho wameyatoa kwa mama mmoja mdogo aliyevaa kandambili, wakingoja machozi yake yawafungulie shimo. Mama Jeanne alikilaza kikaango vizuri, akang'oa majani machache, akasimama.

"Mama," Muzee Saidi akasema taratibu, "lia basi kidogo."

"Mulimuzika muzuri. Aksanti," akajibu. "Mungu abaone. Lakini mi sikuje kulilia wolo yenu." Akageuka akaenda kwenye gari.  Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kumshika hata mkono.

Shimo lilifunguliwa baada ya siku chache, kwa kuwa watu lazima wale. Tulisikia kwamba Muzee Saidi alifinya kile kitufe mwenyewe, macho amefumba. Lakini kwetu Bigo mambo hayakwenda. Solange aliendelea kukaa kwenye kurasa nyingine zote, kati ya wanaotafutwa, kwa kuwa Mama Jeanne alikataa tumhamishie kwa marehemu. Hajaliliwa bado, alisema, sasa atakuwaje mfu? Papa Anselme alimuuliza atalilia wapi. Kwetu, akasema. Na kwao hakufikiki, na hata kungefikika hakukuwa na nyumba wala ua wala jirani wa kuitika. Akawa anakuja kila siku ya soko, anaketi, anasema, "Ndiye huyu," na sisi tunaojua tunamfungulia ukurasa mwingine. Siku zile nilikuwa naogopa kufungua mashine asubuhi. Kwenye mpira alikuwepo. Kwenye habari za barabara alikuwepo. Watu walianza kupiga simu kutoka Bunia kusema wamemwona sokoni, wamemwona kanisani, na ilibidi niwashukuru.

Tovuti ile haipo tena. Wanunuzi walituacha mwaka uliofuata, mtandao ukakatwa, Jérémie akarudi Kisangani. Wiki iliyopita kwenye mazishi watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu Papa Anselme kwa miaka yake ya ualimu, na walimsifu kwa haki. Hakuna aliyetaja alichofanya siku ya mwisho ninayotaka kuieleza, labda kwa sababu waliokuwa chumbani tulikuwa wachache, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na sombe.

Ilikuwa mvua, karibu na mwisho wa mwaka. Mama Jeanne aliingia amelowa, akakataa chai. Akaketi kwenye kiti chake, akaniuliza, "Weye ukisema atoke, anatoka fasi zote mara moja?" Nikamwambia ndiyo, kwa neno moja. "Hapana mara moja," akasema. "Mumutoe kama mutu anatoka ku nyumba. Chumba kwa chumba. Huu mwaka wote, alilala wapi? Si hapa?" Papa Anselme alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia. Akamtazama, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya: akavua koti, akaliweka juu ya meza, akaketi chini sakafuni, mgongo ukutani, kama wanavyoketi watu kwenye matanga. Jérémie naye akashuka.

Nikafungua kisanduku cha Solange. Chini ya lile neno isipokuwa nikaongeza ukurasa wa michezo, nikaufungua aone. Kulia palikuwa patupu. Mama Jeanne akaangalia pale mahali, na hapo ndipo sauti ikamtoka, ndefu, kutoka chini kabisa, ile niliyokuwa nimeingoja tangu siku ya simu. Nikaandika ukurasa wa barabara. Nikaandika wa makanisa na misikiti. Kila ulipobaki mtupu alimwita mwanawe kwa jina, akamweleza jambo: kwamba mbuzi walikufa wote, kwamba mama anakaa kwa shemeji, kwamba kitambaa cha manjano kilikuwa cha mama yake, na mama alikuwa anakitafuta. Wanaume walikuwa wanalia sakafuni. Mimi nilikuwa siwezi kulia, nilihitaji macho ya kuandikia. Mwishoni ukabaki ukurasa wa mbele, nao nikautaja, na Solange hakuwepo tena popote.

Mama Jeanne alijifuta kwa kitenge. Akashusha pumzi, akavuta kiti mpaka karibu na mimi. "Sasa," akasema, "mumurudishe ku ile ya wolo."

Nikamtazama Papa Anselme. Alijua vizuri kuliko sisi kile alichokuwa anaombwa, na kwamba wanunuzi watatuacha. Akanipungia mkono nifanye. Nikafuta majina yote nikabakiza moja, nikageuza amri: badala ya kurasa zote isipokuwa huu, huu tu. Nikafungua. Akatokea kulia, kando ya bei, kitambaa chake kichwani.

"Mama," Papa Anselme akamuuliza kutoka sakafuni, "na wale wachimbaji?"

Mama Jeanne alikuwa anamwangalia mwanawe. "Batamuzoea," akasema.